Krauni ya Pikapu ya Bibi

Wakati wa likizo, kazi ya Chiriku ilikuwa kushika chujio. Asubuhi na mapema, umande ungali majanini, bibi yake aliitoa pikapu uani na kuiteremsha polepole hadi barabara ya vumbi. Walisimama lango kwa lango. Wafugaji walitoka na ndoo zao, na Chiriku, aliyekaa nyuma kati ya madebe makubwa, alishika chujio kwa mikono miwili huku maziwa yakimiminwa, bado yana joto na povu. Debe moja likijaa, alilifunga kifuniko na kuvuta jingine. Safari iliishia kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, ambako kulikuwa na tangi kubwa la baridi.

Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Alipachikwa jina hilo la ndege kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliongea akishika chujio, aliongea akila, na mjomba wake alidai kwamba hata usingizini alikuwa akimalizia hadithi aliyoianza mchana. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mama yake alikuwa muuguzi katika mji mwingine na alirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo muda mwingi nyumbani walikuwa wawili tu, Chiriku na bibi.

Bibi alikuwa mfupi kiasi cha kuweka mto kwenye kiti ili aone mbele ya usukani. Watu walimwita Bibi Maziwa, na wapo watoto waliodhani ndilo jina alilozaliwa nalo. Pikapu ile iliachwa na marehemu babu, na bibi aliizungumzia kama mtu wa familia. Ikikataa kuwaka, alisema, "Leo ameamka vibaya, tumwache kidogo."

Ndiyo maana yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuusikia mvumo. Ulitoka nyuma, chini kabisa, kama nyuki walionaswa ndani ya chupa. Siku zilizofuata nyuki wakawa mbwa anayenguruma. Kisha, asubuhi moja, walipokuwa wakipanda mlima wa kwenda kituoni, kikasikika kishindo cha chuma kwa chuma. Injini iliendelea kuunguruma kama kawaida, lakini magurudumu hayakwenda popote. Bibi alivuta breki ya mkono, akashuka, akasimama kando ya barabara na kushika kiuno.

"Huyu sasa anaumwa kweli," alisema.

Maziwa ya siku hiyo yalimalizia safari kwa baiskeli, debe moja moja, na yale ya mwisho yalifika yameshaganda. Wafugaji hawakulalamika mbele ya bibi, lakini Chiriku alimwona mama mmoja akiimwaga ndoo yake nzima mtaroni.

Mjomba, mtoto wa mwisho wa bibi, alikuwa fundi wa magari. Aliivuta pikapu kwa kamba hadi gereji yake, akaipandisha juu ya mawe na jeki, akafungua ekseli ya nyuma. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi na iling'aa, imejaa chembe za chuma. Mjomba alitia mkono ndani na kuutoa na kipande cha jino la gia.

"Njoo uone, Chiriku," aliita. "Hii ndiyo difu. Propela inaleta nguvu ya injini hadi hapa. Hii gia ndogo inaitwa pinioni. Pinioni inaizungusha hii kubwa, krauni, na krauni ndiyo inayozungusha magurudumu. Meno yakivunjika, injini itapiga kelele mpaka jioni na gari halitasogea hata unywele."

"Kwa nini usinunue jino moja tu ukalichomelea?" Chiriku aliuliza.

Mjomba alicheka. "Na wewe jino lako likitoka, nikuchomelee? Tunanunua zote mbili, krauni na pinioni. Tena zilizotoka kwenye gari moja. Hizi ni mapacha. Zimesagana pamoja miaka yote na zimezoeana. Ukimchukua mmoja hapa na mwingine kule, zitagombana mpaka zimalizane."

Gia mpya za gari la zamani kama lile zilikuwa hazipatikani tena. Ilibidi kununua zilizotumika, na kwa spea zilizotumika bibi alijua mlango mmoja tu, yadi ya Mzee Vyuma. Mjomba hakuweza kwenda nao. Lori la dereva mmoja aliyeitwa Redio lilikuwa gerejini likingoja springi, na mwenyewe alikuwa ameketi juu ya tairi, akihesabu kila dakika.

"Sikiliza vizuri," mjomba alimwambia Chiriku na kumpa kipande cha chaki. "Bibi yako vitu vidogo havioni tena. Wewe ndiwe macho yake. Angalia kama kuna jino lililomeguka au lililoliwa na kutu. Kisha tia chaki jino moja, uhesabu mpaka ulirudie lile lile. Krauni iwe na meno arobaini na moja, pinioni kumi. Kuna krauni nyingine zinafanana na yetu kama maji na maji, ila meno yake ni mengine. Usiangalie kwa macho tu. Hesabu."

"Arobaini na moja na kumi," Chiriku alirudia. "Mjomba, hiyo ni kazi ya darasa la kwanza."

"Basi ifanye kama wa darasa la kwanza," mjomba alisema. "Kwa kidole."

Yadi ya Mzee Vyuma ilikuwa nyuma ya mashine ya kupasua mbao. Milango ya magari iliegemezwa ukutani kama vitabu, vioo vya taa vilipangwa juu ya mbao, na injini zilikaa chini ya bati, zimefunikwa magunia. Mwenyewe alitoka akijifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mwenye nywele nyeupe zilizojaa vumbi la kutu hata zikaonekana nyekundu pembeni.

"Mchumba wangu amekuja," alisema. "Leo umekuja kunikubalia au umekuja kununua spea?"

"Spea," bibi alijibu. "Wewe nikikuoa nitakuweka wapi? Hata kutu haijakutoka."

Chiriku alimwamkia mzee, akaangua kicheko. Utani huo aliusikia tangu akiwa mdogo. Alijua pia kilichokuwa nyuma yake. Babu alipofariki, ndugu wote walimshauri bibi aiuze pikapu. Mzee Vyuma peke yake ndiye aliyesema, "Kwa nini auze? Ana miguu na ana mikono." Akaja kila jioni, akakaa kando yake kwenye uwanja wa mpira, akamfundisha bibi kuendesha, bila kumcheka hata siku alipoligonga goli.

Mzee alisikiliza shida yao, akaingia chini ya bati na kutoka na krauni na pinioni zilizofungwa pamoja kwa waya. "Hizi nilizitoa mwenyewe kwenye gari lililopata ajali mbele. Nyuma lilikuwa zima. Tazameni." Alifungua waya. Kisha alimwonyesha Chiriku beseni la dizeli. "Zioshe humo, mjukuu wangu, ndipo uhesabu. Humo ndani kuna krauni nyingine, ya mteja. Hiyo usiitoe."

Chiriku aliosha pinioni, akahesabu. Kumi, safi kabisa. Aliitumbukiza krauni, akaisugua kwa brashi, akalipangusa jino moja na kulitia chaki. Moja, mbili, tatu. Bibi na mzee walikuwa mbali kidogo, wakivutana juu ya bei na kucheka katikati.

Alikuwa amefika ishirini na kitu alipoliona sanduku la honi.

Zilikuwa honi za kila namna, kubwa za malori na ndogo za mviringo kama vikombe, na kando yake betri yenye nyaya mbili. Mtu yeyote angeweza kuzijaribu kabla ya kununua. Chiriku alijiambia angejaribu moja tu. Aliirudisha krauni ndani ya dizeli ili isipate vumbi, akaenda. Honi ya kwanza ilikoroma. Ya pili ililia kama mbuzi. Ya tatu ilikuwa na sauti mbili kwa pamoja, na ilimfurahisha hata akairudia. Alikuwa kwenye ya sita au ya saba bibi alipoita.

"Chiriku, umemaliza?"

"Nimemaliza, bibi," alijibu, akikimbilia kwenye beseni.

"Meno ni sawa?"

"Sawa. Arobaini na moja na kumi. Kama mjomba alivyosema."

Maneno yalitoka kabla hajayapima. Aliingiza mikono ndani ya dizeli nyeusi, akashika krauni ya kwanza iliyogusa vidole vyake, akaipangusa haraka na kuitia ndani ya gunia pamoja na pinioni. Chaki haikuwapo. Alijiambia imefutwa na dizeli. Mzee Vyuma alifunga gunia kwa waya ule ule na kumbebesha begani.

Mchana, gerejini, mjomba aliifunga pinioni mahali pake, akaijaribu krauni, akaizungusha kwa mkono. Haikuzunguka vizuri. Ilishika, ikaachia, ikashika tena. Alijaribu mara nyingine. Kisha aliitoa, akaiweka juu ya meza na kuhesabu kwa kidole, midomo ikimcheza. Alipomaliza alihesabu upya.

"Arobaini na tatu," alisema. "Chiriku, wewe ulihesabu ngapi?"

Chiriku alihisi uso unamwiva. Bibi alikuwa akimtazama, na Redio alikuwa akimtazama, na mjomba alikuwa ameshika tambara mkononi akingoja.

"Arobaini na moja," alisema.

"Ajabu. Imeondoka kule na arobaini na moja, ikaota mengine mawili njiani."

Mjomba alisema hivyo kwa mzaha, lakini bibi hakucheka. Alikaa taratibu kwenye kiti cha mbao. "Mtoto amehesabu," alisema. "Gunia alifunga Mzee Vyuma mwenyewe, kwa mkono wake. Ina maana amenibadilishia."

"Mama, tusikimbilie huko," mjomba alisema. "Labda amechanganya."

"Miaka yote hii hajachanganya, aje achanganye leo?"

Redio alisogeza tairi lake karibu. Hakupewa jina hilo bure. Habari ikiingia kwenye sikio lake asubuhi, jioni ilikuwa imeshafika kila kibanda cha chai barabarani. "Bibi, mimi nilikuwa niende kwake kesho kununua giaboksi," alisema. "Mungu amenionyesha mapema. Wazee hawa siku hizi, biashara ikibana, hawajui rafiki."

Chiriku alifungua mdomo. Siku zote mdomo ule haukuhitaji kusukumwa, lakini sasa ulimi ulikuwa mzito kama ile krauni mezani. Angesema nini? Kwamba alikuwa akipiga honi? Alitazama chini, na nafasi ikapita. Redio alikuwa ameanza kisa kingine cha muuza spea mwingine, na mjomba alikuwa amerudi chini ya lori.

Jioni hakuweza kula. Bibi alimgusa paji la uso kwa kiganja, akamgusa na shingo. "Umechoka, mama yangu," alisema. "Gunia lile lilikuwa zito, nami nikakuachia ulibebe njia nzima." Akamfunika kanga miguuni, akamchemshia maziwa kidogo aliyopewa na jirani. Chiriku aliyanywa huku machozi yanamlenga. Kama bibi angemkaripia ingekuwa nafuu.

Kisha bibi aliketi kando yake. "Unajua kinachoniuma?" alisema. "Si gari. Gari litapona. Yule mzee nilimwona kama kaka yangu. Sasa nakumbuka kila kitu alichowahi kuniuzia, najiuliza kilikuwa nini."

Asubuhi Redio alikuja kuwachukua kwa lori lake, lililokuwa limeshapata springi. Alisema njia ni moja, lakini Chiriku alijua alitaka kuuona ugomvi. Bibi alipanda mbele bila mto wake, akaonekana mdogo sana kwenye kiti kile kikubwa. Chiriku alikaa katikati, gunia mapajani.

"Nimeshawaambia wenzangu pale kibandani," Redio alisema akigeuza usukani. "Madereva wote. Wamesema hakuna atakayekanyaga kwake tena. Mmoja alikuwa ameshaweka oda ya ringi za magurudumu, ameivunja asubuhi hii hii."

Chiriku alikuwa amedhani uongo wake umebaki gerejini, juu ya meza, na kwamba labda mjomba angepata krauni nyingine na mambo yangekwisha. Kumbe ulikuwa umeamka mapema kuliko yeye.

Walipofika, Mzee Vyuma alikuwa akifagia mbele ya lango. Aliweka ufagio begani kama bunduki. "Mchumba, siku mbili mfululizo? Watu watasema."

Bibi hakujibu utani. Alishuka lorini kwa uangalifu, akasimama mbele yake, akakunja mikono. Mzee aliutazama uso wake, na tabasamu likamtoka polepole. Aliushusha ufagio.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Nataka uniambie wewe mwenyewe," bibi alisema. "Nataka uniambie kwa nini umenifanyia..."

"Bibi, mimi sikuhesabu."

Wote wawili waligeuka. Chiriku alikuwa amesimama kwenye ngazi ya lori, gunia kifuani. Hakujua kama angepata pumzi ya kumaliza, kwa hiyo alisema yote kwa mkupuo.

"Sikuhesabu mpaka mwisho. Nilifika ishirini na kitu, nikaenda kupiga honi. Krauni niliirudisha kwenye beseni, na ndani ya beseni kulikuwa na nyingine, na mzee aliniambia nisiitoe. Uliponiita niliokota iliyokuja mkononi. Na mjomba aliponiuliza jana nikasema uongo tena. Mzee hakubadilisha kitu."

Mashine ya kupasua mbao upande wa pili ililia, ikanyamaza. Mzee Vyuma aligeuka, akaingia yadini, akainama kwenye beseni. Alitoa krauni iliyokuwa inachuruzika dizeli, akaiweka juani, akaigeuza. Kwenye jino moja kulikuwa na ukungu mweupe uliobaki kwenye pembe, ambao dizeli haikuweza kuufuta.

"Chaki hiyo," alisema kwa sauti ya chini.

Akaketi juu ya injini iliyofunikwa gunia. Hakuonekana amekasirika. Alionekana amechoka, kama mtu aliyebeba kitu kizito na kuambiwa hakikuwa chake. "Leo asubuhi walikuja watu wawili kuchukua malipo yao ya oda," alisema. "Hawakuniambia kwa nini. Mmoja hakunipa hata mkono. Nilikaa nikajiuliza nimekosa nini."

Redio alijikuna kisogo na kutazama magurudumu ya lori lake.

Chiriku alishuka, akaweka gunia chini, akaenda mbele ya mzee. "Nisamehe," alisema. Alikuwa analia sasa, na hakujaribu kuficha. "Mimi nitakuoshea vyuma vyote likizo nzima."

"Vyuma vyangu ni vichafu, vitakumaliza," mzee alisema. Alimvuta akamkalisha kando yake. "Sikiliza, mjukuu wangu. Kuchanganya krauni si kitu. Mimi mwenyewe nimewahi kumpa mtu mlango wa kushoto akitaka wa kulia. Unarudi, unabadilishiwa, mnacheka. Lakini jina langu limesemwa vibaya mahali ambapo mimi sipo, na mimi siwezi kwenda huko kujisemea, maana nitaonekana najitetea. Wewe unaweza. Huo ndio msamaha ninaoutaka. Nenda kaseme kule kule liliposemwa."

"Kule kibandani?" Chiriku aliuliza. "Kwa madereva?"

"Kule kule."

Chiriku alimtazama bibi, akitumaini bibi angesema mtoto ni mdogo, au kwamba Redio ataenda peke yake. Bibi alikuwa bado amekunja mikono, lakini sasa kama anayejizuia kumkumbatia. "Nitakusubiri nje," alisema. "Mdomo ni wako."

Kibanda cha chai kilijaa madereva kwenye mabenchi, vikombe mkononi. Redio aliingia kwanza, akakohoa. Kwa mara ya kwanza hakuonekana kuwa na hamu ya kutangaza. "Huyu mtoto ana maneno," alisema. "Na mimi niliyasambaza yale ya jana kabla sijayachunguza. Msikilizeni."

Nyuso zote ziligeuka. Chiriku alishika upindo wa gauni lake. Aliwahi kuongea mbele ya darasa zima bila wasiwasi, lakini pale alikuwa anasema mambo ya kuchekesha. Haya hayakuwa ya kuchekesha.

"Mzee Vyuma hakumdanganya bibi yangu," alisema. "Mimi ndiye niliyemdanganya. Alitupa gia nzuri, mimi nikabeba nyingine, kisha nikasema nimehesabu. Tafadhali msiache kununua kwake."

Kijana mmoja alicheka puani na kusema watoto wa siku hizi ni hatari. Mwingine aliendelea kunywa chai yake kama hakusikia. Lakini mzee mmoja mnene, aliyekaa pembeni, alisukuma kikombe na kusimama. "Mimi ndiye niliyevunja oda ya ringi," alisema. "Hata mkono sikumpa." Alitafuta kofia yake, akaivaa. Alipompita Chiriku alisimama kidogo. "Asante, binti. Vinginevyo ningemkwepa yule mzee mpaka mmoja wetu afe." Akatoka, akashika njia ya yadi.

Walirudi huko pia, Chiriku na bibi. Safari hii Chiriku aliketi chini na krauni mapajani, akaihesabu kwa kidole kimoja, jino baada ya jino, bila kuongea hata neno. Bibi alisema hajawahi kumsikia amenyamaza muda mrefu hivyo akiwa macho. Walipoagana, bibi alimshika Mzee Vyuma mkono kwa mikono yake miwili.

"Nilikuwa tayari kukudhania vibaya," alimwambia. "Haikunichukua hata nusu siku. Nisamehe na mimi."

"Wewe nitakusamehe ukinikubalia," mzee alisema.

"Basi ubaki na hasira zako," bibi alijibu, na kicheko kikamponyoka.

Mjomba aliifunga krauni mchana ule. Aliizungusha kwa mkono, ikateleza kimya, meno yakapokezana kama watu waliozoea kufanya kazi pamoja. Alipoambiwa yaliyotokea hakumgombeza Chiriku. Alimpa spana na kumfundisha kukaza boliti za kifuniko kwa kuvukavuka, moja huku, moja ng'ambo, ili zibane sawasawa. Chiriku alikaza zote, na mjomba alipozijaribu hakukuta hata moja iliyolegea.

Siku iliyofuata, madebe yalirudi nyuma ya pikapu. Bibi alimtaka Chiriku akae mbele kwanza, kabla hawajafika lango la kwanza. Alizima injini, akaacha mikono juu ya usukani.

"Mjukuu wangu," alisema, "nimefikiri sana. Neno lako lilikuwa dogo. Ulisema tu, nimemaliza. Kama ungesema, bibi, bado, ningesubiri, na honi zako ungepiga. Lakini nililichukua neno lile nikalijengea nyumba nzima. Juu yake nikajenga chuki kwa rafiki yangu, Redio akajenga habari, na wengine wakajenga hasara ya mtu. Sote tulikuwa juu ya neno lako, maana tulikuamini. Mtu akikuamini, ujue amekaa juu ya kitu unachosema. Kama hakiko imara, mwambie mapema, kabla hajakaa."

"Na nikiogopa?"

"Utaogopa. Jana pia uliogopa, nilikuona unavyotetemeka pale kwenye ngazi. Ukasema hivyo hivyo. Nilikuonea fahari kuliko siku yoyote, hata nikakosa la kusema, na mimi si mtu wa kukosa la kusema. Hiyo tabia ya kuongea unadhani umeitoa wapi?"

Chiriku alicheka, akamwegemea bibi begani. Kisha alishuka, akapanda nyuma kati ya madebe na kuchukua chujio. Bibi aliwasha gari. Mbele yao, yule mama aliyemwaga maziwa yake mtaroni alikuwa ameshasimama langoni na ndoo iliyojaa, akiwapungia mkono.